Njia niliyoikata miaka sita, dada yangu hajawahi kuipita hata mara moja

Mpita Njia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu.

Mimi na dada yangu tunaishi nyumba moja na mama yetu. Kwa miaka sita sasa tunashuka kituo kimoja cha treni tukitoka kazini, ila kwa saa tofauti, kwa hiyo hatukuwahi kurudi pamoja. Kati ya kituo na nyumbani kuna bustani ya umma. Ukiikata katikati unafika kwa dakika saba. Mimi huikata kila siku, iwe jioni, iwe giza limeshaingia, muziki masikioni.

Wiki mbili zilizopita tukakutana ndani ya treni, kama saa mbili na nusu usiku. Tukashuka, tukatembea tunaongea. Nikaingia langoni, nikaendelea na hadithi yangu mpaka nikahisi naongea peke yangu. Kugeuka, namwona amesimama nje ya lango.

"Twende basi."

"Mimi sipiti humo."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Akanionyesha kwa kidole, pale pale tulipo. Taa ya tatu haiwaki. Ya tano inawaka na kuzima. Ukiipita ya tano unaingia penye ua wa miti uliokua ukazidi kimo cha mtu, na ukishaingia hapo hakuna pa kutokea mpaka lango la pili. Lango la pili hufungwa saa tatu, lakini mlinzi akitaka kuwahi kwake hulifunga mapema, kwa hiyo unaweza kufika ukakuta kufuli na ikabidi urudi njia ileile. Yeye huzunguka kwa barabara kubwa kwa sababu kule madirisha ya ghorofa yanatazama njia. Ni dakika kumi na tisa. Kabla treni haijasimama huwa ameshautoa muziki sikio la kushoto. Funguo za nyumba huzitoa kwenye mkoba akiwa bado kituoni. Simu huishika mkononi, imefunguliwa kwenye namba yangu.

Namba yangu mimi. Miaka sita sikujua kuwa kila usiku natembea mkononi mwake.

Tofauti ni dakika 12 kwa safari. Nimepiga hesabu: siku 240 za kazi, saa 48 kwa mwaka. Miaka sita ni saa 288, yaani siku 12 kamili, mchana na usiku, ambazo dada yangu amezimaliza akiizunguka bustani ninayoikata mimi. Na mimi niliyepita humo zaidi ya mara elfu, ungeniuliza taa ipi haiwaki nisingekujibu.

Swali langu kwenu: nani mwingine amewahi kugundua kuwa mahali anapopaona pa kawaida, mwenzake anapajua kwa sura nyingine kabisa? Sisemi wanawake tu. Rangi, dini, ulemavu, lafudhi, chochote. Karibuni.

Kisiki

Mkuu Mpita Njia, umeandika vizuri na dada yako nampa pole. Lakini niseme ninachoamini, maana jukwaa ni la hoja.

Naona tunachanganya hofu na hatari. Mimi ni mwanaume na nimeporwa simu mara mbili kwenye njia kama hiyo yako. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kuwa karibu watu wanane kati ya kumi wanaouawa duniani ni wanaume. Sasa nani hasa anatakiwa kuiogopa bustani? Udongo haujui jinsia. Taa mbovu ni mbovu kwa kila mtu. Tengenezeni taa, mambo ya utambulisho tuyaache pembeni.

Binti Ramani

Kaka Kisiki, takwimu yako ni sahihi na nashukuru umeileta, kwa sababu inatufungulia mlango ambao wengi hawapendi kuufungua. Umoja wa Mataifa huohuo ulitoa hesabu ya mwaka 2023: wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao. Hiyo ni takriban asilimia 60 ya wanawake wote waliouawa kwa makusudi mwaka ule. Kwa hiyo mwanamke anafundishwa tangu utotoni kuogopa bustani, halafu anakimbilia nyumbani, na nyumbani ndipo wengi wanapofia. Mwanaume anauawa zaidi nje. Ona basi: nje na ndani si mahali pamoja kwa watu hawa wawili, hata kwa hesabu za vifo tu.

Na kuna yasiyoingia kwenye hesabu. Kuitwa, kufuatwa nyuma hatua kwa hatua mpaka kona, kuguswa kwenye msongamano. Hakuna anayekwenda kuripoti polisi kwamba mtu alimfuata dakika tatu kisha akaacha. Ila mwili unakumbuka ile kona.

Kazi yangu ni mipango miji, na hili la udongo kutojua jinsia nimelisikia kwenye vikao vingi. Udongo haujui, kaka, ila aliyeupima na kuugawa alikuwa mtu, na alikuwa na picha fulani ya nani atautumia. Mwanajiografia Doreen Massey wa Uingereza aliwahi kueleza alivyokuwa mtoto akipanda basi la ghorofa kwenda Manchester, amekaa ghorofa ya juu. Bonde lote la mto Mersey alilolipita lilikuwa limekatwa viwanja vya mpira wa miguu na raga, na Jumamosi vilijaa watoto wanakimbiza mipira. Wote wavulana. Hapakuwa na kibao cha kumkataza. Yeye mwenyewe, msichana mdogo, aliona tu kuwa eneo lote lile kubwa lilikuwa limeshakabidhiwa wenzake.

Nendeni sasa Vienna, Austria. Miaka ya tisini wataalamu wa jiji walihesabu watoto kwenye bustani za umma, wakakuta wasichana wakishapita umri wa miaka tisa hivi wanapungua kwa kasi, wavulana wanabaki. Wangeweza kusema wasichana hawapendi michezo. Wakatazama kwanza bustani zenyewe: uwanja mmoja mkubwa katikati, umezungushiwa uzio, mlango mmoja. Kundi la wavulana likishauchukua, msichana anayetaka kuingia inabidi agombane, na asiyetaka kugombana anarudi nyumbani. Mwaka 1999 wakaanza kurekebisha bustani mbili za wilaya ya tano. Wakaongeza vijia vya kutembea, wakaweka viwanja vya voliboli na badminton, eneo la wazi wakaligawa vipande ili makundi kadhaa yakae kwa wakati mmoja. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakufukuzwa. Kilichobadilika ni mchoro.

Mfano mdogo zaidi, maana huu kila mtu ameuona. Kwa nini foleni ya choo iko upande wa wanawake tu? Mbunifu anagawa mita za mraba nusu kwa nusu, anadhani ametenda haki. Upande wa wanaume zinaingia sehemu za kukojolea kwa kusimama, kwa hiyo eneo lilelile linahudumia watu wengi zaidi kwa wakati mmoja. Upande wa pili yuko mwenye mimba, mwenye mtoto mkononi, mwenye hedhi, na kila mmoja anahitaji muda mrefu zaidi. Mita ni sawa, foleni si sawa.

Asiyengoja

Nasoma kimya ila hapo kwa Binti Ramani nimeguswa. Natumia kitimwendo. Kwangu mji ni ngazi, kingo za barabara na lifti. Watu wanasema "ni hapo tu mbele". Hapo tu mbele pana kingo ya sentimita kumi na tano bila mteremko, basi hapo mbele hapapo.

Na nikifika penye mteremko wa kuingilia, mara nyingi uko nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka. Naingia kwenye harusi ya rafiki yangu kupitia mapipa. Hakuna aliyekusudia kunidharau. Lakini nimeingilia pale.

Mgeni wa Kudumu

Naomba nichangie upande wa rangi.

Nilikulia mahali ambapo karibu kila mtu alifanana nami, kwa hiyo sikuwa na rangi. Nilikuwa mtoto wa fulani, wa shule fulani, mfupi, mwenye kelele. Nilipohamia nchi nyingine nikapewa fomu ya kujiandikisha. Mstari wa kwanza jina, wa pili tarehe ya kuzaliwa, wa tatu visanduku sita: chagua asili yako. Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye mstari wowote. Nikaweka alama kwenye kisanduku. Tangu siku hiyo mitaa ya mji ule imekuwa ikinikumbusha niliweka alama wapi.

Nieleze kwa vitendo. Nikiingia duka la nguo, mikono naitoa mifukoni kabla ya mlango. Nikinunua, risiti haiingii mfukoni, naishika mpaka nitoke. Kofia ya sweta naishusha hata kukiwa na mvua. Nikingoja rafiki nje ya jengo, sisimami karibu na magari. Mwanzoni nilikuwa nikifikiria kila kimoja. Siku hizi mwili unafanya wenyewe, kama vile dada yake mleta uzi anavyotoa kile kifaa sikioni.

Lililonifanya niandike ni hili. Natoka kazini usiku. Mbele yangu kuna mwanamke anatembea peke yake, mimi nyuma, mwendo wetu unalingana. Namwona mabega yanapanda. Anaishika simu. Najua anachofikiria na simlaumu, dada zangu mwenyewe wangefanya hivyohivyo. Basi navuka barabara. Au napunguza mwendo mpaka apotee. Au nampigia mama simu niongee kwa sauti, mtu asikie mtoto wa watu anamsalimia mama yake. Yeye ananiogopa mimi, na mimi namwogopa yule atakayemwita. Njia moja, saa moja, na wote wawili tunahesabu hatua. Kijana wa rangi ya wenyeji anapita katikati yetu anapiga mluzi.

Binti Ramani amesema wasichana hawakuwekewa kibao. Wengine waliwekewa. Mwaka 1936 mpeleka barua wa Harlem, New York, aitwaye Victor Hugo Green alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kwa wasafiri weusi wa Marekani, kikajulikana kama Green Book. Kiliorodhesha hoteli, migahawa, vituo vya mafuta na nyumba binafsi ambako mtu mweusi angepokewa, mji kwa mji. Kiliendelea kutoka mpaka miaka ya sitini. Hebu fikiria maana yake: mtu ana gari lake, mafuta kajaza, barabara ni ya umma, kodi kalipa, lakini ramani ya kawaida haimtoshi. Kulikuwa na miji ambayo jua likizama mweusi hakutakiwa kuwemo. Kwa dereva mweupe safari ni kilomita. Kwa yule mwingine kilomita zina saa, na saa ikipita hana pa kulala.

Kisiki

Nimesoma. Mgeni wa Kudumu, kile kipande cha kumpigia mama simu kimenikaa kifuani. Sina cha kukipinga.

Bado nina swali na naliuliza kwa nia njema. Kama dawa ni kutambua kuwa watu ni tofauti, si ndiyo tunarudi kulekule kwenye kutengana? Delhi wameweka behewa la wanawake kwenye metro tangu 2010. Tokyo yapo, Mexico yapo. Si ni kusema kwamba behewa lililobaki ni la wanaume? Na mwanamke akikutwa humo akaguswa, si ataulizwa alifuata nini?

Mama Wawili

Mwanangu Kisiki, umeuliza vizuri. Mimi ni mtu mzima, nimepanda treni miaka thelathini, nikujibu kwa niliyoyaishi.

Siku ya kwanza nilipopanda behewa la wanawake, nililala. Hilo ndilo lililotokea. Nilikaa kitini, nikaegemeza kichwa dirishani, nikapitiliza kituo changu. Miaka yote ile nilidhani mimi si mtu wa kulala safarini. Kumbe nilikuwa zamu, kila siku, asubuhi na jioni, na sikuwa nimewahi kujua kuwa niko zamu mpaka niliposhika zamu hiyo na wenzangu mia.

Na hilo swali lako la pili, ni kweli pia. Binti yangu alichelewa, akapanda behewa la mbele, mtu akamsogelea. Alipolalamika, mzee mmoja akamwambia si mna behewa lenu. Nayajua yote mawili. Nililala, na binti yangu akaambiwa vile. Sikubali mtu aniambie nichague kimoja.

Babu wa Kale

Salaam wanajukwaa. Nimefundisha historia muda mrefu. Kisiki ametaja kutengana, naomba tusichanganye kutengwa na kujitenga. Aliyetengwa hakuulizwa.

Montgomery, Alabama, Marekani, enzi za ubaguzi, abiria mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, kisha mara nyingi aliamriwa ashuke akaingilie mlango wa nyuma. Dereva aliweza kuondoa gari wakati bado unatembea ubavuni mwa basi, na nauli yako ameshaiweka. Mwaka 1943 mwanamke mweusi aitwaye Rosa Parks alikataa kushuka hivyo na dereva James Blake akamtoa nje. Akakwepa mabasi ya dereva huyo kwa miaka kumi na mbili. Tarehe 1 Desemba 1955 alipanda bila kutazama usukani, na aliyekuwa ameushika ni Blake. Yaliyofuata mnayajua: alikataa kumpisha mzungu kiti, akakamatwa, na kwa siku 381 watu weusi wakasusia mabasi, wengi wakatembea kwa miguu. Ninachotaka mkione ni ule ubavu wa basi. Hatua kumi za lami kati ya mlango na mlango. Kwa mzungu ilikuwa lami tu.

Afrika Kusini, Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ilitoa kila mtaa kwa rangi moja. District Six, Cape Town, palikuwa mahali pa mchanganyiko: mafundi cherehani, wavuvi, wanamuziki, Waislamu na Wakristo wakipeana mikono dirishani. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ikatangaza kuwa ni eneo la weupe. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, wengi wakatupwa kwenye nyanda za mchanga nje ya mji, na nyumba zao zikabomolewa kwa matingatinga. Weupe wenyewe hawakukimbilia kujenga pale. Sehemu kubwa ilibaki nyasi na vifusi kwa miaka.

Mwaka 1994 lilifunguliwa jumba la makumbusho ndani ya kanisa lililosalia pale. Sakafuni wametandaza ramani kubwa ya mitaa iliyofutwa. Wenyeji wa zamani wanapiga magoti juu yake, wanatafuta mtaa wao, wanaandika kwa mkono: hapa palikuwa kwetu. Ramani rasmi ilikuwa imeshapafuta, na wao wakapaandika upya kwa kalamu juu ya sakafu.

Msidhani pia kuwa haya yanaishia kwenye kumbukumbu. Miaka ya thelathini shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa iliyoonwa salama kwa mkopo ilipakwa kijani, iliyoonwa hatari ikapakwa nyekundu, na kuishi kwa watu weusi kulitosha kuuingiza mtaa kwenye nyekundu. Penye nyekundu benki hazikukopesha, na uwekezaji ukahama. Sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa nyumba. Mwaka 2020 watafiti walipima joto la ardhi katika miji 108, wakakuta mitaa iliyopakwa nyekundu zamani ina joto zaidi, kwa wastani nyuzi 2.6 za Selsiasi kuliko ile ambayo haikupakwa nyekundu. Miti michache, lami nyingi. Rangi ya kalamu ya karani wa zamani, leo inapimwa kwa kipimajoto kwenye kichwa cha mtoto ambaye babu yake ndiye aliyenyimwa mkopo.

Damu Mbili

Mama yangu ni wa huku, baba wa kule. Huku naitwa mtoto wa kule. Kule naitwa wa huku. Mchangiaji mmoja hapo juu kasema alipewa visanduku sita, mimi huwa natafuta cha saba.

Babu ametaja Afrika Kusini, niongeze dogo: kwenye kuainisha watu walikuwa wanachomeka penseli kwenye nywele. Ikianguka wewe ni hivi, ikibaki wewe ni vile. Kulikuwa na ndugu wa tumbo moja waliowekwa makundi mawili, na kundi ndilo lililoamua mtaa wa kuishi. Nikifikiria kuwa mimi na kaka yangu tungetenganishwa na nywele, nashika kichwa changu bila kujua.

Sauti ya Tatu

Dada Binti Ramani, kaka Mgeni wa Kudumu, nawaheshimu wote wawili na nimejifunza mengi. Lakini uzi huu una wanawake upande mmoja na watu weusi upande mwingine, na mimi nimekaa nasubiri wakutane. Mimi ni mwanamke mweusi kwenye nchi ya weupe. Nikae wapi?

Kwenye ile bustani mimi ni dada yake Mpita Njia. Nahesabu taa kama yeye. Kwenye duka mimi ni Mgeni wa Kudumu, risiti mkononi. Lakini kuna mambo ambayo si ya yeyote kati yenu. Jirani yangu mweupe akisikia mtu nje ya mlango usiku anapiga simu polisi. Mimi nikisikia mtu, nafikiria kwanza wakija watamwona nani kuwa ndiye mhalifu. Nikiingia ofisini mapema, mgeni ananiuliza chumba cha mkutano kinasafishwa saa ngapi. Hamwulizi mwanaume mweusi hivyo, hamwulizi mwanamke mweupe hivyo. Ni mimi, nikiwa yote mawili kwa pamoja, niliyevishwa aproni machoni mwake kabla sijafungua mdomo. Mimi ndiye ninayeongoza ule mkutano.

Kimberlé Crenshaw, mwanasheria wa Marekani, alilipa jambo hili jina mwaka 1989, "intersectionality", yaani makutano, na mfano alioutumia ni njia panda. Magari yanatoka pande zote. Ukigongwa pale katikati, huwezi kuambiwa utaje barabara moja iliyokuumiza. Aliieleza kesi ya miaka ya sabini ya wanawake weusi waliofukuzwa kiwandani. Mahakama ilisema kiwanda kinaajiri wanawake, na kweli kiliajiri, weupe, ofisini. Kikasemwa kinaajiri weusi, na kweli, wanaume, kwenye mitambo. Wao hawakuwa na mlango. Hebu litazameni hilo jengo kama mahali: ofisi ina wanawake, karakana ina weusi, na wao wamesimama kwenye korido.

Mgeni wa Kudumu

Dada Sauti ya Tatu, nimekuelewa. Nimerudi nikasoma nilichoandika, na kwenye ile njia yangu ya usiku mwanamke niliyemwona mbele alikuwa mweupe, hata sikusema. Nilimwona huyo tu. Wewe ungekuwa unatembea pale pia na nisingekuandika. Nisamehe.

Binti Ramani

Nami pia. Wale wasichana wa Vienna nilivyowahesabu, nimewahesabu kama vile wote ni mmoja. Msichana wa familia ya wahamiaji, aliyevaa hijabu, akiingia uwanja wa voliboli hakutani na mchoro tu. Kazini tunachora kwa ajili ya "mwanamke", tunafunga faili. Kesho nina kikao, na swali lako la nikae wapi naenda nalo.

Kisiki

Wakuu, sijabadilika yote, nisidanganye. Naendelea kuamini hofu nyingine tunarithishana bila kuzipima. Ila jana nilimwomba mke wangu anichoree kwenye karatasi anavyotoka nyumbani kwenda kazini, nami nikachora yangu. Tunafanya kazi majengo jirani. Yangu ni mstari mmoja. Yake ina kona nne na sehemu tatu ameandika herufi H. Nikamuuliza H ni nini. Hapana. Yaani hapo hapana.

Moja ya hizo H ni mlango wa jengo letu la maegesho ya magari. Mimi ndiye niliyemshauri aegeshe pale.

Asiyengoja

Kisiki, nimefanya zoezi lako. Karatasi yangu imebaki na njia moja tu, na ni ndefu. Lakini imekuwa vizuri kuiona imechorwa. Nitaipeleka kwenye ofisi ya mtaa jinsi ilivyo.

Mpita Njia (mleta uzi)

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa na jambo la kumalizia kwanza.

Niliwaandikia wanaosimamia bustani. Nikataja taa ya tatu, ya tano, ule ua wa miti, na saa za lango. Sikutarajia jibu la haraka. Siku ya nane taa zote mbili zilikuwa zimebadilishwa, na ua wameukata mpaka kiunoni, unaona mpaka upande wa pili. Nilifurahi kama mtoto. Jana nikamngojea dada yangu kituoni makusudi nimwonyeshe.

Tulifika langoni. Akatazama ndani muda mrefu. Akahesabu taa kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho. Akasema, "Wamefanya vizuri." Halafu akageukia barabara kubwa.

Nikamwambia taa zinawaka. Akaniambia, "Nimeona. Taa itanionyesha mtu. Haitanifanyia kitu kingine."

Nikamuuliza atapita lini. Akasema hajui, labda siku moja akiwa na wenzake, labda akiona wanawake wengine wanapita saa hiyo bila kukimbia. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: lango la pili sasa linafungwa saa ngapi? Nilikuwa nimeliandika kwenye barua, na kwenye jibu lao hawakuligusa, nami sikuona.

Nimeandika barua ya pili leo asubuhi. Jana tulizunguka pamoja, dakika kumi na tisa. Njiani akanionyesha dirisha la ghorofa ya pili lenye pazia la njano. Kuna mama mmoja huwa anakaa pale akishona mpaka usiku. Hawajuani, hawajawahi kusemeshana. Dada yangu husema akiliona pazia limefunguliwa ndipo anapumua. Nimeishi mtaa ule miaka sita, na lile dirisha nililiona jana.